Papa, Gari Letu Limepita

Kwako Papa, usiyesikia tena honi getini,

Gari letu limepita. Naanza na hilo kwa sababu ungekuwepo ungeniuliza hilo hata kabla ya salamu. Limepita ukaguzi vizuri kuliko magari mengi yanayoletwa na watu wenye mashati yaliyopigwa pasi. Na tangu lipite sijakaa kwenye kiti kwa raha. Nasimama, natembea hadi ufukweni, narudi, nafungua kompyuta, naifunga. Mama anasema nimepata ugonjwa wa miguu.

Barua hii ni yako, lakini nimeiacha wazi ili waisome na wengine, hasa wale waliokuletea magari yao. Nimefikiri sana kama ninayo haki ya kufanya hivyo. Sijapata jibu. Nimeandika hivyo hivyo.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiongea nyumbani? Mama alirudi kutoka Tanzania na Kiswahili chake kilichonyooka, akikutana na chako cha Goma mezani kila siku. Yeye alisema "gari limeharibika", wewe ukasema "gari iko mubaya", kisha wote wawili mkageukia Kinyarwanda mlipotaka kugombana vizuri. Kaka yangu Claude akachukua maneno yako. Mimi nikachukua ya Mama, na nikajifunza kunyamaza katika lugha zote tatu.

Karakana ndiyo ilikuwa shule yangu ya kwanza. Jumamosi ulinikalisha juu ya tairi, ukanipa maboksi matupu ya vipuri, ukaniambia, "Soma." Nami nikasoma herufi kubwa zilizoandikwa ubavuni.

"ABS."

"Hiyo ni 'Alaa, Breki, Saidia!' Dereva anaitaka hiyo pale kwenye mteremko."

"EGR."

"Endesha, Gari Rafiki."

"ECU."

"Ee Chuma, Usinichoke. Ni kalkilateri, ubongo ya gari. Endelea."

Nilicheka mpaka nikaanguka kutoka kwenye tairi. Nilipofika chuoni na kuambiwa kwamba ABS ni mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki kwa nguvu, na EGR ni njia ya kurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, karibu nisikitike. Nilikuwa nimeishi na tafsiri zako muda mrefu hata hizo nyingine zilionekana kwangu kama za kubuni.

Lakini nataka kukukumbusha jambo jingine. Nataka kukukumbusha kufungua pua.

Wasomaji wa mbali hawajui, kwa hiyo nieleze. Katika mji wetu, hapa mpakani na Goma, mtu akinunua gari la petroli, kabla hajalipandisha milima ya kwenda Kigali kwa mara ya kwanza, alilileta kwako lifunguliwe pua. Chini ya gari, kwenye bomba la moshi, kuna kopo la chuma lililovimba kidogo katikati. Linaitwa katalizeta. Ndani yake kuna kitu kama sega la nyuki, la udongo uliochomwa, lenye vitundu vidogo sana, na wewe uliliita hivyo hivyo: sega. Ulilikata kopo kwa mashine, ukalivunja sega kwa nondo, ukamwaga vipande chini, kisha ukalifunga kopo tupu kwa kuchomelea, vizuri hata mtu angeinama na tochi asione chochote. Halafu mwenye gari alipanda, akawasha, akakanyaga mafuta. Injini iliguruma kwa sauti mpya, nene. Watu wote waliosimama pale walipiga makofi. Soda zilifunguliwa. Mtu alisema, "Sasa iko napumua!" Ilikuwa kama siku ya kumpa mtoto jina.

Baada ya hapo ilibaki kazi moja ndogo. Kwenye dashibodi kuna taa ya rangi ya chungwa yenye picha ya injini. Sega likivunjwa, kalkilateri hugundua na kuiwasha taa hiyo ili imwambie dereva. Wewe ulifungua dashibodi, ukaing'oa balbu, ukaitupa. "Hii taa ni ya umbeya," ulisema. "Nyumba ikiwa na mutu wa umbeya, utalala?"

Mimi na Claude tuliokota vipande vya masega na kucheza soko. Vipande vikubwa vilikuwa mikate. Vumbi lake lilikuwa unga. Tuliuziana mchana kutwa, tukarudi nyumbani na vidole vya kijivu, na Mama akatusugua kwenye beseni akilaumu udongo wa volkano.

Chuoni, mwalimu wa mitambo alileta mezani katalizeta iliyokatwa katikati ili tuone ndani. Wenzangu walisogea. Mimi nilirudi nyuma. Ilikuwa mikate yetu, Papa, mizima, imepangwa ndani ya chuma bila ufa hata mmoja. Mwalimu akaeleza kwamba kuta za vile vitundu zimepakwa madini ya thamani, na moshi ukipita humo sumu yake huungua. CO, ile hewa isiyo na rangi wala harufu inayoweza kumlaza mtu asiamke, huingia upande huu ikatoka upande ule imegeuka kitu kisichoua. HC, yaani mabaki ya petroli isiyoungua, nayo huchomwa humo humo. Sega likifa, kalkilateri huandika msimbo P0420 na kuwasha taa. Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa nahesabu magari ya mtaani kwetu kichwani, nikaacha, kwa sababu hayakuwa na mwisho.

Likizo ile nilirudi nikiwa na moto. Ulikuwa unakula. Sikusubiri hata umalize.

"Papa, lile sega si uchafu. Ndilo linalochoma sumu."

"Sumu gani? Mi niko ndani ya moshi tangu sijaoa mama yako."

"Sumu haionekani."

"Basi we uliiona wapi?"

Claude alicheka. Wewe ulinawa, ukanieleza taratibu, kama ulivyowaeleza wateja. "Gari ni kama mutu. Ukimuziba pua, atapanda mulima na nini?"

"Sega zima halilizibi gari. Linaloziba ni lililokufa, na hilo hubadilishwa. Halivunjwi."

"Libadilishwe na nini? Na diplome yako?"

"Kuleni, ugali unapoa," Mama alisema.

Ndipo ulinitazama, na sauti yako haikuwa na hasira hata kidogo. "Shule ilikupa herufi. Sawa. Lakini ile masega nilivunja ndiyo ililipa iyo shule."

Hatukuongea tena juu ya sega. Likizo ilipoisha ulinibebea begi hadi stendi, ukaliweka kwenye buti mwenyewe kwa sababu hukuwaamini makondakta, ukasema, "Ukifika, bipu." Nilibipu. Na ile ikawa ndiyo amani yetu: mlio mmoja wa simu, unakatwa kabla ya kupokelewa.

Kisha presha ikakuchukua, ghafla, kama fyuzi inavyokatika.

Sasa unajua ninakofanya kazi, au hujui, sijui huko mnaambiwa nini. Niko kituo cha ukaguzi wa magari, kwenye mstari wa moshi. Magari yanaingia, naingiza kijiti cha mashine kwenye ekzosi, na kwenye kioo zinakuja namba: CO, HC, O2. Nachomeka skana kwenye tundu la OBD chini ya usukani na kalkilateri inaniambia yaliyofichwa. Ni kazi ninayoipenda kwa sababu mashine haina aibu. Inasema.

Lakini magari ya mji huu yanapokataliwa, naingia chini kutazama, na kila mara nakukuta wewe. Ulikuwa unatumia mkono wa kushoto. Mstari wako wa kuchomelea una magamba madogo kama ya samaki, na mwishoni una mkia uliovutwa upande mmoja, pale ulipoinua mkono. Hakuna fundi mwingine mwenye mkia huo. Nalala chali kwenye saruji, taa mkononi, nasoma mwandiko wa baba yangu kwenye tumbo la gari la mtu, kisha natoka na kuandika: haikupita, katalizeta haifanyi kazi. Mwenye gari ananiuliza, "Sasa nifanye aje?" Namwambia abadilishe. Sijawahi kumwambia nani aliivunja. Wengi walikuwa pale siku ya makofi, wanajua. Wasichojua ni kwamba ile haikuwa dawa.

Nilijipa udhuru kwa niaba yako. Nilisema: hakujua. Alifundishwa hivyo Goma na fundi ambaye naye alifundishwa hivyo. Wateja waliomba. Mtu halaumiwi kwa asilolijua. Nililala juu ya maneno hayo kama godoro.

Halafu zamu ya gari letu ikafika.

Ni lile lile, stesheni wagen ya buluu, mlango wa nyuma unafungwa kwa kamba. Linamletea Mama karoti na vitunguu kutoka Busasamana na kumshusha karibu na mpaka, ambako akina mama wa Goma wanamsubiri. Bila cheti cha ukaguzi halitembei, na lisipotembea Mama atarudi kubeba kichwani. Nilimwambia Claude, aliyerithi karakana yako, mapema, "Liingize karakana kwanza tulirekebishe, litakataliwa."

"Wacha tu, petite," alisema, akiniita mdogo wake kwa Kifaransa. "Itakuja siku yake."

Mama naye alinishangaa. "Si wewe ndiye uko pale? Gari la baba yako litakushinda?"

"Mama, sipitishi gari kwa sababu ya jina."

"Nani amesema jina? Nimesema uko pale."

Siku hiyo Claude alikuja nyuma ya Papa Furaha. Unamkumbuka vizuri, dereva wa teksi wa Rubona, yule mwenye kucheka hadi anakohoa, aliyekuweka meza ya mbele kwenye ubatizo wa Furaha wake. Gari lake lilikuwa limekataliwa muda huo huo. Nilikuwa nimetoka chini yake, na mkia wa kuchomelea kwako bado ulikuwa machoni mwangu. Alisimama kando, karatasi mkononi, akibishana na madereva wengine kwa utani, hajakasirika bado.

Sheria yetu ni kwamba hatupimi gari la ndugu. Nilimwita Solange, mwenzangu, ashike kijiti. Mimi nikasimama dirishani kwa Claude bila kazi, mikono nyuma kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Claude akageuza ufunguo nusu.

Taa ikawaka.

Ile ya chungwa, Papa. Taa ya umbea. Sijawahi kuiona ikiwaka kwenye gari lile maisha yangu yote. Iliwaka kama inavyopaswa ufunguo unapogeuzwa, na injini iliposhika moto, ikazima kama inavyopaswa. Hiyo ndiyo namna taa nzima inavyosema hakuna tatizo. Nilimtazama Claude. Claude alitazama mbele.

"Yewe," Solange akashangaa kutoka nyuma. Namba ya CO ilikuwa inashuka kwenye kioo, ikashuka, ikakaa karibu na sifuri. "Hili gari lenu lina umri gani? Mzee wenu alilitunza!"

Nilimwomba apime tena. Akapima tena, akicheka. Ilikuwa vile vile. Niliomba ruhusa ya kutazama chini, nikaingia. Mstari ulikuwa wako, magamba na mkia. Lakini kopo halikuwa letu. Lilitoka kwenye gari jingine, na lilichomelewa siku za karibuni zaidi kuliko yote niliyoyaona. Na lilipogongwa kwa kidole halikutoa sauti ya utupu.

Nilipotoka, Papa Furaha alikuwa haongei kwa utani tena.

"Ah bon! Ya kwangu inakufa, ya kwenu inapita? Fundi ni ule ule!"

"Mutoto ya kontrola, gari ya kontrola," mwingine akasema; kontrola ndiyo ukaguzi wetu.

"Sha, twende tuzaliwe tena kwa huyo mama."

Wakacheka. Solange aliwaambia yeye ndiye aliyepima, waje wasome wenyewe. Nani anasoma namba wakati ana kicheko? Papa Furaha hakucheka. Alikunja karatasi yake, akaniambia kwa upole uliouma, "Mutoto ya Fundi. Papa yako hangefanya hivi."

Jioni nilimkuta Claude karakanani ananawa mikono kwa sabuni ya unga na mafuta ya taa, kama ulivyokuwa ukinawa wewe.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ile likizo mulipogombana. Ulipoondoka, hakulala vizuri. Kisha akasema twende Goma. Tukatafuta kwenye magari yaliyogongwa mpaka tukapata moja yenye sega nzima. Akaibeba begani na kitenge ya Mama, kama mutoto. Akaifunga Jumapili, Mama akiwa kanisani. Akarudisha na balbu."

"Alisema nini?"

"Alisema, hii inabeba mama yenu."

Nilikaa juu ya jeki. Kwa muda mfupi, Papa, nilikuwa na furaha ambayo sitaisahau. Ulinisikia. Wewe uliyenishinda mezani ulivuka mpaka kwa sababu ya maneno yangu. Kisha furaha ikageuka uchungu mdomoni.

"Na magari ya watu?"

Claude akafuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Claude. Na ya watu? Aliendelea kuvunja?"

"Wakileta, alivunja."

"Akijua."

"Angewaambia nini, petite? Kwamba kila gari walipigia makofi, aliiharibu? Alikuwa mutu mukubwa, alikuwa na jina." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Lakini makofi ikianza, alikuwa anaingiaka ndani. Kila mara. Anajifanya anatafuta spana."

Nilikuwa nimejiandaa kukusamehe ujinga. Sikuwa nimejiandaa kukusamehe ujuzi.

Jioni hiyo ndipo ugonjwa wangu wa miguu ulipoanza. Nitembee wapi? Kila teksi inayopita barabara ya ziwa, nasikia sauti nene ya pua iliyofunguliwa, na najiuliza kama hilo ni la kabla hujajua au la baada. La kabla naweza kulibeba. La baada silijui namna ya kulishika. Nawaza ulivyokuwa ukiingia ndani ukitafuta spana ambayo haikupotea. Nakuonea huruma, halafu naona kiti cha nyuma cha gari la mtu, na mtoto aliyekilalia, na huruma inakatika.

Mji ukaanza kusema. Kituoni bosi alisikia, akaamuru gari letu lipimwe upya na watu wa zamu nyingine. Likapita tena, akaridhika. Lakini mtaani cheti hakina nguvu mbele ya mdomo. Walisema nimempitishia mama yangu. Ningeweza kujitetea kwa sentensi moja tu, na sentensi hiyo ingekuvua wewe nguo.

Mama alilijua hilo kabla sijasema. Alikuwa anachambua vitunguu, hakuinua macho.

"Watasema leo, kesho watasema la jirani."

"Wanasema mimi ni mwizi, Mama."

"Wewe uko hai, utajisafisha kwa kuishi. Yeye atajisafisha kwa nini?" Akatupa kitunguu kilichooza. "Jina la marehemu linaachwa lilivyo."

"Na watoto wanaovuta ule moshi?"

Aliendelea kuchambua, na mikono yake ilienda haraka kuliko kazi ilivyohitaji.

Claude alisema wazi zaidi. "We una mushahara. Mi ndiye nabaki hapa, na jina yake iko juu ya mulango. Ukisema, nani ataniletea gari?" Na alikuwa sahihi, Papa. Nilimtafutia kosa katika maneno hayo na sikulipata.

Nimejiuliza kama nilitaka kusema kwa ajili ya ukweli au kwa ajili ya sifa yangu. Nadhani ilikuwa vyote viwili, vimechanganyika kama hewa na petroli, na sijui mashine ya kuvitenganisha. Nilingoja nia yangu isafike kwanza. Haikusafika. Nikaenda.

Papa Furaha alikuwa bandarini Rubona anafuta kioo cha gari lake, nyuma yake wavuvi wanakunja nyavu. Aliniona, akaendelea kufuta.

"Shikamoo, Papa Furaha."

"Umekuja na cheti yangu?"

"Nimekuja kusema kitu juu ya sega."

Nikamwambia. Nilimwambia sega ni nini na linafanya nini. Nilimwambia ulivyovunja la kwake na kwa nini ulidhani ni vizuri. Kisha nikamwambia kwamba baadaye ulijua, ukabadilisha la kwetu, na hukumwambia mtu. Nilisema kwa Kiswahili cha Mama, na kilisikika kigumu mno, kama hukumu. Kwa hiyo mwishoni nikarudia kwa chako: "Alijua, akanyamaza."

Kitambaa kikasimama kwenye kioo.

"Ile siku alifungua pua ya hii, we ulikuwa?"

"Nilikuwa. Nilikuwa mdogo. Nilipiga makofi."

"Mi ndiye nilileta soda." Akatazama ndani ya gari. "Furaha anakaaka pale nyuma kila asubuhi. Dirisha ya nyuma haifungi."

Sikutaka kumtisha kwa mambo nisiyoyapima, wala kumtuliza kwa uongo.

"Alikuwa anakula kwangu," akasema. "Fundi. Alikula kwangu ile Noeli ya mwisho, akambeba Furaha kwenye magoti. Alikuwa tayari anajua?"

"Ndiyo."

Aliegemea gari lake, akainamisha kichwa, hata mmoja wa wavuvi akamwita akidhani amepatwa na kitu. Akampungia mkono. Kisha akanigeukia.

"We ungekuwa mi, ungependa kujua?"

"Ndiyo."

"Ulijibu mbio." Akakikunja kitambaa, akakikunja tena. "Mi sijui kama nilipenda. Bon. Umesema. Lakini usingoje aksanti."

"Singoji."

"Na kwa ile maneno nilisema pale kituo, kwamba hangefanya hivi..." Akatafuta mwisho wa sentensi, akauacha. Aliingia ndani ya gari na kufunga mlango, hakuwasha. Nilimwacha amekaa hivyo, mikono kwenye usukani, gari limezimwa.

Claude hanisemeshi. Mama ananisemesha, lakini ananiita kwa jina langu lote, kama wanavyoita mahakamani. Madereva wawili wamehamia kwa fundi mwingine, ambaye naye, nasikia, anafungua pua. Wa tatu amekuja kumuuliza Claude kama sega zima linapatikana, na Claude amemjibu kwamba atatafuta. Sijui kama ni mwanzo wa kitu au ni adabu tu. Nimemwambia Claude siku zangu za mapumziko ni zake, nitaingia chini ya gari lolote atakaloniambia. Bado hajanitajia hata moja.

Nimeweka haya hadharani kwa sababu siwezi kumfuata kila dereva bandarini na stendi na hadi vijiji vya Cyanzarwe. Anayesoma, kama gari lake lilipita mikononi mwako, alilete. Asilete kwa hasira, au alilete nayo, lakini alilete, na wakati huo madirisha yake ya nyuma ayafunge.

Kwako wewe sina ombi. Wakiniuliza baba yangu alikuwa mtu gani, nitawaambia kwamba alimfundisha mtoto wa kike kusoma kwa maboksi ya vipuri, kwamba alivuka mpaka na katalizeta begani kwa sababu ya neno la mtoto huyo, na kwamba aliwaacha rafiki zake wavute kile alichokiondoa kwa mke wake. Nitayasema yote kwa pumzi moja. Atakayetaka kuchagua achague mwenyewe. Mimi nimejaribu na siwezi.

Pumzika, Papa, kama huko kuna kupumzika. Mimi bado nimesimama.

Binti yako,
ambaye bado anakupenda, na bado amekasirika